Wakili wa Pande Zote Mbili

Jumatatu, 17 Februari

Ijumaa baraza linapiga kura. Je, Ambrose Kettlewell, yaani mimi, aongezewe miaka mitano ya ukuu wa Chuo cha Hallowmere, au afungashe virago mwisho wa Machi? Swali la kuchekesha. Nimezeekea mahakamani na wigi la wakili kichwani. Nimewatoa kifungoni watu ambao hata mama zao walishakata tamaa. Leo nishindwe na walimu wanaogombania kiti cha karibu na moto?

Kikwazo ni kimoja: Dakta Winifred Ockenden, mwalimu wa historia. Ndiye atakayesema kwa niaba ya wanaonipinga, na mama yule ana sauti. Akiimba kanisani, vioo vinatikisika. Usiku huu mezani alinisogezea divai huku akiniuliza, kwa upole wa paka, kama Mheshimiwa Mkuu ameshaanza kutafuta nyumba. Nikamjibu nyumba ninayo, na yeye anaijua vizuri, maana kila Krismasi anakunywa humo bure. Walimu wote wakainamia supu.

Rosamund, mke wangu, anaipenda nyumba ya Mkuu kuliko anavyonipenda mimi. Kaniambia bila kuzunguka: bwana wee, ukishindwa, kwenye kile kijumba chetu cha Croydon utarudi peke yako. Nimemwambia atulie. Nina mpango.

Jumanne, 18 Februari

Mpango wenyewe. Kesho ni mashindano ya makasia, na mashua ya wasichana wetu ni kipenzi cha Ockenden. Nimemteua rasmi kuwa mshangiliaji mkuu wa chuo. Cheo hicho hakikuwepo hadi leo asubuhi. Uso ulimng'aa. Atakimbia ukingoni mwa mto kwenye mvua, akipiga kelele kutwa nzima. Ijumaa atakuwa na sauti gani? Na nani atanilaumu? Nimempa heshima!

Jumatano, 19 Februari

Imekwenda kama nilivyopanga. Mvua, upepo, baridi ya kukata masikio. Nilikimbia pembeni yake na mwavuli, nikimwambia hawamsikii, mama, paza kidogo. Akapaza. Nikamwambia bado. Akapaza tena. Mimi niliteleza nikaingia matopeni mpaka magotini, na Ockenden akapoteza pumzi kwa kunicheka. Sikujali. Jioni sauti yake ilikuwa inakwaruza kama ya kunguru mwenye mafua. Wasichana walishinda, kwa hiyo ameshangilia tena kwenye chakula. Mungu ni mwema.

Alhamisi, 20 Februari

Pigo. Pargeter, katibu wa chuo, kaja ofisini na uso wa msibani. Dakta Ockenden hana sauti hata chembe. Kabla sijamaliza kuficha furaha yangu, akanikumbusha desturi ya chuo: hoja haipigiwi kura mpaka pande zote mbili zimesemwa kwa mdomo, mtu akiwa amesimama. Upande mmoja ukikosa msemaji, kikao kinasogezwa hadi Aprili. Muda wangu unaisha Machi. Bila kura, natoka. Nimejifungia mlango mwenyewe.

Nikazunguka chuo kizima kumtafuta mtu wa kunipinga. Nimewabembeleza! Mmoja anaumwa jino. Mwingine alisema hathubutu, nisije nikamhoji kama nilivyomhoji mpishi kuhusu ile supu, mbele ya wageni, mpaka mwanamume wa watu akalia.

Ndipo akili ikanijia. Nani anayejua kusema kuliko mimi? Nitasema pande zote mbili. Kwenye kazi yetu wakili hachagui mteja; aliyekuja, unamtetea. Nikaenda kwa Ockenden, nikamkuta na asali na ndimu. Akanipa karatasi ya hoja zake. Hoja mbovu, maskini! Nitazisoma kwa kunong'ona, nikae, halafu nijitetee kama simba.

Rosamund ameuliza kama nina uhakika naweza kusema vibaya kwa makusudi. Wanawake wana maswali.

Ijumaa, 21 Februari

Nilianza vizuri, yaani vibaya. Hoja ya kwanza: Mkuu haonekani chuoni. Nikaimung'unya. Hapo mzee Thackwray, yule wa hesabu, akapiga miayo.

Miayo. Mbele yangu. Majaji wenye presha wamekaa macho kunisikiliza!

Nikaweka chini karatasi ya Ockenden. Nikawauliza wajumbe: haonekani, sawa, lakini mnajua yuko wapi? Nikawaambia. Ule mkutano wa wafadhili wa Juni aliodai kwenda haukuwepo. Mkuu alikuwa London akitetea kesi yake binafsi. Kwa nini chai ilihamishwa kutoka saa tisa hadi saa kumi, mkateseka wote? Kwa sababu saa tisa Mkuu amelala. Nikawapa ya mpishi, hatua kwa hatua, pamoja na machozi. Nikakinyooshea kidole kiti changu kitupu, nikawaomba wakitazame vizuri, kwa sababu hivyo ndivyo kilivyokuwa miaka yote mitano. Wakakitazama. Pargeter akatoa leso. Ockenden, kwa kuwa hana sauti, alipiga meza.

Nikakaa, jasho linatiririka. Kisha nikasimama kujitetea. Ukweli ni kwamba sikuwa na la kusema. Msemaji aliyetangulia alikuwa amemaliza yote.

Wanaonikataa wakaombwa kunyoosha mikono. Wote wamenikataa. Nami pia nilinyoosha. Jamaa alikuwa amenishawishi.

Jumamosi, 22 Februari

Rosamund amefunga masanduku. Ya kwake yanaenda Norfolk kwa dada yake, langu Croydon. Nimemwambia hajaisikia ile hotuba, angeisikia angeelewa. Akasema matokeo yake hata paka anayaelewa. Amelia kidogo kwenye ngazi, nami iliniuma, kwa sababu sikuzoea kumwona akilia. Nikamwahidi nyumba hii tutairudia.

Jumatatu, 24 Februari

Nafasi ya Mkuu imetangazwa leo. Nimeomba, bila shaka. Nani ana uzoefu kunishinda? Mwombaji mwingine ni mmoja tu: Ockenden. Nimempigia simu Rosamund asifungue masanduku yake.

Kila mwombaji atatetewa mbele ya baraza. Mimi nitajisemea. Ockenden daktari kamkataza kuongea mpaka Pasaka, kwa hiyo mchana amekuja mlangoni, akanionyesha koo, akaninyooshea kidole, akaunganisha mikono kama anayeomba. Ningefanyaje? Wakili hachagui mteja. Na hoja zake ni mbovu kama kawaida, maskini. Safari hii nitamsaidia kidogo tu, kwa adabu, bila kupandisha mori.

Nimeshaandika mwanzo wa hotuba yake. Nimeisoma mbele ya kioo, mwili mzima ukanisisimka. Namhurumia atakayeshindana naye.