Aliyeiba Sura ya Mwisho

Jumatatu, 4 Mei

Balaa. Fundi cherehani amebakiza sura moja tu.

Kila jioni akifunga kazi huja kwenye duka langu la vitabu, anakaa kwenye benchi na kusoma kile kitabu kinene cha wapelelezi wawili, mwanamume na mwanamke, wanaosaka wezi katika mji mdogo huku wakipendana polepole mno. Nakala ni moja, haitoki dukani. Kesho atamaliza. Akimaliza, benchi litabaki tupu, na kinyozi wa mlango wa pili ameshamwambia kwamba kwake kuna magazeti kibao na feni. Nampenda huyu mwanamke. Nimeandika, basi.

Dawa nimeipata. Nimeazima wembe kwa kinyozi, nikamwambia ni wa ndevu. Nimeikata sura ya mwisho na kuitumbukiza kwenye tundu la bitana ya koti langu, lile la harusi za watu. Hata sijaisoma. Mpelelezi gani ataifikia?

Jumanne, 5 Mei

Nilidhani atalia. Macho yalimng'aa! Akasema huu ni uhalifu, na lazima tuuchunguze kama wale wa kitabuni. Sisi wawili. Nusura nimshukuru mwizi.

Akapitisha kidole pale palipokatwa, akasema ni kazi ya wembe. Nikasema kwa huzuni kwamba mtaani kwetu mwenye nyembe ni mmoja tu.

Alhamisi, 7 Mei

Tumemhoji kinyozi. Fundi alisema ili asishtuke lazima mmoja wetu akae kwenye kiti, na mwenye ndevu nilikuwa mimi.

Kinyozi hakushtuka. Alieleza, tena bila kuulizwa, kwamba Jumatatu niliazima wembe wa ndevu na ndevu mbona ziko palepale. Fundi akaziangalia kwa muda mrefu. Nikasema nilighairi. Kinyozi akasema basi leo tumalize kazi, akamaliza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yule anaishi kwa kupunguza za wenzake.

Nimerudi bila ndevu. Kumbe kidevu changu ni kidogo.

Ijumaa, 8 Mei

Nimemwomba Fundi kesho tukatembee mpaka stesheni ya zamani, kukagua eneo. Amekubali. Nikamweleza dada yangu, ninayeishi naye, naye akapiga vigelegele jikoni mpaka majirani wakaja kuuliza.

Jioni narudi, koti halipo msumarini. Dada anasema mdogo wake hawezi kutoka na binti wa watu kwa koti lenye bitana iliyochanika, amelipeleka kwa fundi. Fundi yupi, dada? Akanishangaa. Mji huu una fundi mmoja.

Sikula.

Jumamosi, 9 Mei

Koti limerudi asubuhi, limepigwa pasi. Bitana imeshonwa. Nikabonyeza: karatasi zimo! Ameshona bila kuona. Mungu ni mkubwa.

Tulitembea. Fundi akasema anakaribia kumjua mwizi. Nikauliza ni nani. Akajibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia ni kweli, kinyozi ni jirani yangu wa miaka mingi, anasikitisha sana. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye reli.

Halafu akabahatisha mwisho wa kitabu: mwizi aliyeiba dukani ni mwenye duka mwenyewe, na yule mpelelezi mwanamke anamsamehe kwa sababu anachekesha. Nikamweleza kwa upole kwamba hana kipaji cha kutunga, maana mwenye duka ajiibie ili iweje?

Nimefika nyumbani, nikafumua bitana na kuisoma ile sura. Mwizi ni mwenye duka.

Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa chaki ya kukatia nguo: kesho uje nyumbani, mama anataka kumwona mwizi wetu.

Jumatatu, 18 Mei

Nimemchumbia! Mama mkwe alisema kidevu ni kidogo lakini moyo unaonekana mzuri. Fundi alinitaka niape sitamficha kitu tena, nikaapa nimeshika kifua. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Leo kimefika kitabu cha pili cha wale wapelelezi. Fundi alikirukia. Tatizo ni kinyozi, ameshamwalika akasomee kwake siku za joto.

Kwa hiyo nimeikata sura ya mwisho. Wembe niliazima kwa kinyozi, nikamwambia ni wa ndevu, zimeshaanza kuchipua. Pa kuificha nimewaza sana safari hii. Mtu hatafuti mara mbili mahali pamoja, kwa hiyo nimeiweka ndani ya bitana ya koti. Hapo patakuwa salama.

Dada ametoka sasa hivi, anasema bwana harusi havai mikono mirefu hivyo. Kuna kitu alikuwa amekikunja begani. Nitamuuliza akirudi.