Bunduki ya Upepo Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Nitakuwa mwindaji.

Chanzo ni chakula cha jana mchana. Shemeji, mdogo wake mke wangu, aliingia tena na sungura wawili aliowapiga kwa bunduki yake ya upepo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akampa kiti changu. Kile cha mbele ya meza! Mimi ni fundi wa makochi, kiti kile nilikitia sponji na kitambaa kwa mikono yangu, na jana nilikula nimekalia stuli ya karakana. Mama akasema afadhali yupo mmoja katika familia hii anayeleta nyama. Ile ninayonunua mimi buchani kila wiki inaonekana haihesabiki.

Nikajikuta nimetangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi nami naingia porini, na bunduki yangu mwenyewe. Shemeji akacheka mpaka akaomba maji. Mke wangu akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Mama alimwongezea mwanawe mchuzi.

Kwa hiyo sasa ni kiti au aibu.

Jumatano, 5 Juni

Duka la silaha. Muuzaji ni mzee mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akanionyesha aina mbili. Moja ya springi, ambayo unaukunja mtutu ili kuikoki. Nyingine ya mtungi, unaojazwa upepo kwa pampu. Akanishauri nichukue ya mtungi: haimrushi mtu bega na inamfaa anayeanza. Nikamjulisha kwamba mimi nimezeekea kwenye springi. Akajibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba springi za kochi kazi yake ni kumstarehesha mtu.

Nikachagua ya springi. Kuikoki mara ya kwanza kulihitaji goti. Mara ya pili kulihitaji muuzaji.

Kuhusu risasi tulielewana. Kwa sungura, alisema, chukua vile vidonge vikubwa kidogo, vinavyomlaza mnyama papo hapo bila kumtesa.

Bunduki haitoki dukani mpaka nipate leseni. Wameifunga kikaratasi chenye jina langu. Nilikitazama kwa muda. Sikuwahi kujua kwamba nina jina zuri hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Ofisi ya leseni. Afisa ni mama mmoja asiyepoteza maneno. Nikapimwe macho. Nikafundishwe kulenga kwenye uwanja wa shabaha. Haya yote madogo. Kisha kabati la chuma, lililofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa matofali, ndani ya chumba kisichoingiwa na wageni.

Nimerudi nyumbani nikapiga ngumi kuta zote. Karakana ina matofali, lakini wateja wanaingia na kutoka. Vyumba vya ndani nilivigawa mwenyewe kwa mbao nyembamba, nikijisifu kwa kubana matumizi. Ukipiga chafya chumba hiki, wa chumba cha tatu anakupa pole. Hata kuta za nje ni za mbao; ukiacha karakana, ukuta wa matofali ni mmoja tu nyumba nzima, ule wa nyuma.

Uko nyuma ya kitanda cha mama mkwe.

Jumapili, 9 Juni

Mpango wa kwanza. Wakati wa chakula nikamweleza mama, kwa sauti ya huruma, kwamba chumba chake kina unyevunyevu, na unyevunyevu ni adui wa magoti. Mimi na binti yake tuko tayari kujitoa mhanga. Achukue chumba chetu, chenye jua la asubuhi.

Akauliza nimejuaje hali ya chumba ambacho sijawahi kukanyaga. Nikasema harufu inapita chini ya mlango. Akasema hiyo ni dawa yake ya kuchua.

Shemeji, akiwa kwenye kiti changu, akajitolea kukagua. Yeye ni mwana, anaingia anavyotaka. Akarudi akitafuna. Ukuta, alitangaza, ni mkavu kuliko mkate wa juzi. Mke wangu akanitazama jinsi anavyowatazama wateja wanaodai kochi liliraruka lenyewe.

Alhamisi, 13 Juni

Ikiwa unyevunyevu haupo, unaweza kuletwa.

Mama alikwenda kumtembelea jirani. Nikazunguka nyuma ya nyumba na mpira wa maji, nikaanza kuulowesha ukuta kwa nje, taratibu, ili ufyonze vizuri. Nilikuwa nimefika usawa wa dirisha niliposikia mtu akikohoa nyuma yangu.

"Baba," mama akaniambia, "unangoja uote?"

Nikakiri yote. Hata kiti. Akaenda karakana, akaketi juu ya kochi la mteja ambalo halijatiwa kitambaa, akacheka mpaka springi zikacheka naye. Halafu akasema jambo la ajabu: kwa nini sikuomba tu? Nilete kabati langu, atasogeza kitanda.

Nimeshinda! Nimemwambia mke wangu kwamba kujua kuishi na wakwe ni kipaji. Amesema nikafunge maji.

Jumanne, 18 Juni

Ukaguzi. Kabati lilikuwa limeshafungwa ukutani. Shemeji ndiye aliyelifunga, mimi nilimpokeza bolti kutoka mlangoni. Afisa akalitikisa kwa mikono miwili. Halikutikisika. Nikavuta pumzi.

Akatoka mpaka mlangoni nilipokuwa, akaniambia niingie nimwonyeshe nitakavyokuwa nikiikagua silaha yangu.

Hapo nikakwama. Chumba cha mama mkwe si cha kuingia tu kama sokoni. Kuna adabu. Nikabisha hodi. Mama, aliyekuwa ndani akitandika, akasema ningoje. Nikangoja. Afisa akangoja. Tukasikiliza shuka likikung'utwa.

"Bwana," afisa akasema, "bunduki ni yako, halafu unaipigia hodi?"

Nikamweleza kuhusu adabu. Akaelewa, naye ana mkwe. Ila akauliza, nikisikia mtu anachokonoa kabati hili usiku, nitafanyaje. Nikasema, bila kufikiri, nitamwamsha mama.

"Basi mwenye bunduki ni mama."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Kutoka ndani mama akauliza kama mwenye magoti mabovu anaruhusiwa kupewa leseni. Afisa akajibu kwamba wao hupima macho na mikono, magoti ni shauri lake mwenyewe. Nikapinga: aliyeichagua ile bunduki ni mimi! Mama akaniambia nisiwe na wasiwasi, atakwenda dukani kuibadilisha.

Jumanne, 25 Juni

Muhtasari, maana sina moyo wa marefu. Macho ya mama: mazuri. Mikono: haitetemeki. Uwanja wa shabaha: mwalimu aliomba arudi tena, bure, ili wanafunzi wengine wamwone. Leseni: imetoka, kwa jina lake. Dukani akachukua ya mtungi, kama mzee alivyoshauri. Mzee akaandika jina jipya kwenye kikaratasi. Kile cha zamani akanipa mimi.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Jumamosi ni Jumamosi. Nani atampeleka mama porini kama si mimi?

Jumamosi, 29 Juni

Nilimpeleka. Nilibeba kiti cha kukunja, maji, pampu na mfuko. Shemeji alibeba bunduki yake na ushauri mwingi. Mama alikaa, akaegemeza mtutu kwenye gogo, akatulia. Shemeji akaanza kumnong'oneza kuhusu upepo na umbali. Mama akamwambia anyamaze, anafukuza nyama.

Risasi moja. Sungura mmoja. Baadaye, tena hivyo hivyo. Shemeji alifyatua mara kadhaa, akakipata kichuguu.

Mama alipotaka kuinuka nikanyoosha mkono nimshikie bunduki. Shemeji akanishika kiwiko.

"Usiguse, shem. Huna leseni."

Mfuko niliruhusiwa. Sungura ni wazito kuliko wanavyoonekana.

Jumapili, 30 Juni

Mama amekalia kiti changu. Shemeji amepewa stuli, na alikula akiwa ameinamisha uso kwenye sahani. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na mlango. Mke wangu alimwuliza mama maswali mengi juu ya uwindaji. Mimi niliulizwa kama chumvi iko karibu nami.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa ukuta. Silaha inataka ukuta, ukuta unaleta chumba, chumba kinaleta mama mkwe.

Mbwa hataki ukuta! Nimeshampata mtu anayeuza mbwa wa kuwinda, jike, miguu mirefu, pua kama ya askari wa forodha. Ataandikishwa kwa jina langu. Ataleta sungura, na kila sungura atakuwa wangu. Muuzaji ameniambia mbwa wa aina hii humtii mtu mmoja tu maisha yake yote, yule anayempa chakula. Hilo ndilo hasa lililonivutia.

Kwa kuwa mimi nashinda karakana, nimemwomba mama awe anamlisha. Amekubali papo hapo.

Safari hii sioni pa kuharibika.