Kama Lilivyotoka Kiwandani

Jumamosi, 2 Agosti

Zimebaki siku kumi na nne kabla ya maonyesho ya magari ya zamani. Naanza shajara hii leo ili ngao ya ushindi itakapotundikwa ukutani watu wajue ilivyopatikana. Jambo kubwa lisipoandikwa hugeuka porojo.

Kwa kumbukumbu. Lori ni la marehemu baba. Aliliendesha miaka thelathini na mmoja, akibeba mbao, saruji na mara nyingine maharusi. Alipofariki lilibaki nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kiti cha dereva. Nimelifufua mimi. Miezi minane ya kazi. Mke wangu anasema ni miezi minane bila mahali pa kuanika nguo. Mwanamke haoni mbali.

Nimejiandikisha kundi la Uasilia. Sharti lake ni moja tu: gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Kuna kundi jingine la magari yaliyofanyiwa marekebisho, na humo yumo shemeji, mume wa dada yangu. Ana lori la aina ileile, alilolinunua likiwa halina milango. Amelitia injini mpya, usukani mwepesi na feni ya kumpepea dereva. Nilimwambia hilo si lori tena, ni mwanasesere. Akajibu kwa upole kwamba lake linafika linakokwenda. Mtu huyu hana heshima kwa mashine.

Jumatatu, 4 Agosti

Ukaguzi. Nilikuwa karani wa stoo miaka ishirini na sita, jicho langu halipitwi na kitu. Nimelizunguka lori na daftari mkononi. Dosari zipo, na zote ni za baba. Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuungaunga. Kiti cha abiria kakitengeneza kwa mbao za dawati. Honi kaitoa sijui wapi, inalia kama ng'ombe aliyefiwa. Chini ya mlango wa abiria kachomelea kipandio cha nondo, kipana kama sinia, kitu ambacho kiwanda hakikukiota.

Halafu milango. Wa dereva ni wa bluu kama bodi, bawaba zimefichwa kwa ndani. Wa abiria ni wa kijani, bawaba ziko nje kama za banda la mbuzi. Huhitaji chuo kujua upi ni mgeni.

Nimeandika: vyote vinatoka.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi wa kuchomelea, tunayemwita Cheche, amekuja na mashine yake. Kabla ya kukata kipandio alikipapasa kwa kidole gumba. Akasema aliyekifunga hakuwa fundi, tena alikuwa na haraka, lakini hakutaka kije kikatike. Nikamwambia nimemwita akate, sikumwita apige ramli. Kimechukua saa nzima na visu viwili vya mashine.

Takataka zote nikazirundika getini: mlango wa kijani, kiti, honi, kipandio. Niliporudi kutoka kununua rangi hazikuwepo. Mke wangu akasema shemeji alipita na mkokoteni, akaziomba, naye akampa.

Nimefurahi sana. Lori lake lilikuwa baya, sasa litakuwa kioja. Mtu akijichimbia shimo usimnyang'anye jembe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata mlango wa bluu kwa muuza vyuma chakavu. Bawaba ndani, pacha kabisa na wa dereva. Nimesimama mbele ya lori nikitazama kulia na kushoto, kulia na kushoto, mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Tatizo ni bolti mpya. Zinang'aa mno, na mkaguzi mwenye macho atajua. Nimezichemsha kwa siki na chumvi kwenye karai la mke wangu ili zizeeke, kisha nikaziacha zilowe kutwa.

Matokeo: bolti bado zinang'aa. Karai limeshika kutu vizuri sana.

Nimelificha nyuma ya tangi la maji.

Jumapili, 10 Agosti

Karai limeonekana. Sitaandika zaidi.

Barua imetoka kwa waandaaji. Sharti jipya: kila gari la Uasilia lije na shahidi, mtu aliyelijua tangu enzi zake, aulizwe mbele ya mkaguzi. Kwangu shahidi ni mmoja tu, mama. Ana miaka themanini na mmoja. Macho yamefifia, nyonga inamsumbua, ila masikio na ulimi havijambo. Bahati mbaya anaishi kwa dada, ambako maana yake ni kwa shemeji. Nimekwenda kwenye ngome ya adui mchana kweupe.

Nilimkuta kibarazani akichambua mchele kwa vidole. Nikamfundisha sentensi moja tu: lori hili liko vilevile. Akairudia. Halafu akauliza vilevile kama lini. Nikasema kama lilivyotoka kiwandani.

"Mimi kiwandani sikuwepo, mwanangu," akasema. "Mimi nililijua lilipofika nyumbani."

Nikamwambia asiongeze maneno. Sentensi moja inatosha. Akasema haya, akaendelea na mchele.

Uani niliona lori la shemeji limefunikwa turubai lote, mpaka kwenye magurudumu. Mtu asiye na la kuficha hafuniki hivyo. Shemeji akanikaribisha chai. Nilikataa kwa msimamo, baadaye nikanywa vikombe viwili.

Jumanne, 12 Agosti

Upelelezi. Nimerudi kwa shemeji nikijifanya naazima jeki. Hakuwepo. Nikapiga magoti, nikainua ncha ya turubai. Nilikuwa nimeona tairi moja tu niliposikia dada akikohoa nyuma yangu. Nikasema nimeangusha kifungo. Akaitazama fulana yangu, ambayo haina kifungo hata kimoja.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na hajawahi kuniruhusu nisahau. Akasema, mdogo wangu, ungemwomba tu angekuonyesha. Huo ndio mtego wenyewe. Nimeondoka na jeki, ingawa ninazo mbili.

Alhamisi, 14 Agosti

Safari ya majaribio. Injini ni ya asili, usukani ni wa asili, breki ni za asili. Liliwaka mara ya saba. Nilikwenda kama mfalme hadi njia panda, likazima. Nyuma yangu magari yakapanga foleni ndefu kama ya benki siku ya mshahara. Wanakwaya waliokuwa wanatoka mazoezini wakanisukuma hadi nyumbani. Waliimba njia nzima. Sikuupenda wimbo waliouchagua, ulihusu mwisho wa safari.

Cheche akasema bomba la mafuta limeoza, aweke la kisasa la mpira. Nikafikiri sana. Nikakubali, kwa sharti alizungushie kitambaa kichafu lisionekane. Hayo si marekebisho. Ni matibabu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa mkono mzito, lakini nitaandika yote.

Tulikuwa uwanja wa mpira. Lori langu lilifika lenyewe. Shemeji alikuwa upande wa pili, turubai bado limefunika. Mkaguzi mkuu alikuwa mama mmoja, mhandisi mstaafu, mwenye tochi ndogo na kitabu kinene cha kiwanda. Hakuwa na maneno mengi. Aliingia chini ya lori langu, akatoka. Alikiona kile kitambaa kichafu, akakivuta kwa vidole viwili, akakirudisha. Akafika kwenye milango, akasimama. Akafungua kitabu.

"Lori hili ni la mwaka gani?"

Nikamtajia.

"Basi milango hii siyo. Ya mwaka huo bawaba zilikuwa nje. Hizi za ndani zilianza miaka minne baadaye."

Nikamwambia haiwezekani. Akanionyesha picha. Bawaba nje, kama za banda la mbuzi. Nikamwuliza kama kitabu hakiwezi kukosea. Akasema kitabu ni cha kiwanda.

Kumbe wa bluu ndio uliokuwa mgeni. Ule wa kijani ulitoka kiwandani na lori, baba aliupaka rangi tu. Nimeung'oa mimi, kwa mikono yangu, nikautupa getini.

Mkaguzi akaomba shahidi. Nikajipa moyo: sentensi moja ya mama ingeokoa mengi. Dada akamleta akimshika mkono. Mama akaweka kiganja kwenye mlango, akainua mguu. Mguu ukapanda, ukashuka, ukapanda tena hewani, kama wa mtu anayetafuta kandambili gizani.

"Kipandio kiko wapi?"

Nikamwambia nimekiondoa, hakikuwa cha asili.

"Asili ya nani?"

Watu walikuwa wameanza kusogea.

"Nilikuwa na mimba ya huyu, mwezi wa nane," mama akasema, akimwelekea mkaguzi na si mimi. "Uchungu ukaniwahi. Gari liko juu, nyonga hii hainyanyuki, nikashindwa kupanda. Baba yake akang'oa nondo za dirisha letu la chumbani, akaazima mashine ya jirani, akanichomelea kipandio mimi nimekaa chini nang'ata kanga. Huyu akazaliwa nilipofika tu mlangoni pa hospitali. Dirisha lilikaa wazi mwaka mzima."

Mkaguzi alikuwa amefunga kitabu chake.

"Mama, hili ndilo lori la mume wako?"

Mama akalipapasa tena. Boneti, taa, mlango.

"Silijui," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia katika mji ambao hajawahi kufika.

Hapo ng'ombe aliyefiwa akalia upande wa pili wa uwanja. Shemeji alikuwa ametoa turubai, anasogeza lori lake kwenye mstari, akapiga honi watu wampishe. Mama akageuza kichwa. Akamvuta dada mkono, wakavuka uwanja, na mimi nikawafuata kwa kuwa sikujua pa kusimama.

Mlango wa kijani ulikuwa pale, kwenye lori la mwanasesere, na kipandio chini yake. Mguu wa mama ulikipata kabla mkono wake haujashika mlango. Akapanda peke yake. Akakaa kwenye kiti cha mbao za dawati, akaweka mkoba mapajani, akatazama mbele.

Shemeji akamwuliza anataka kwenda wapi.

"Popote," mama akasema. "Usikimbize."

Akamzungusha uwanja mara tatu, pole pole. Feni ilikuwa inampepea, kitambaa chake cha kichwa kikicheza. Nikakohoa mara mbili. Nadhani ni moshi, ingawa injini ya shemeji haitoi moshi.

Shemeji amepata ngao ya marekebisho. Mkaguzi alitangaza kwamba mlango wa asili wa mwaka ule umeonekana mmoja tu uwanjani, tena kwenye gari lisilo la asili. Watu walicheka. Mimi nimepewa cheti cha kushiriki.

Jumapili, 17 Agosti

Sikutoka nje hadi saa nne asubuhi. Nilipotoka nilimkuta shemeji getini na mkokoteni wake. Kila kitu kilikuwa humo: mlango, kiti, honi, na kipandio alichokuwa amekifungua mwenyewe asubuhi. Hakukichomelea kwenye lori lake, alikifunga kwa bolti tu.

Nikamwuliza kwa nini. Akakuna shingo. Akasema mama alisikia nimeanza kuling'oang'oa lori, akamtuma apite achukue chochote nitakachokitupa kabla ya muuza vyuma, naye hakumwambia kwamba kipandio kilikuwemo. Mama alisema nitavitafuta siku moja.

"Ni vya baba yenu," akasema. "Mimi nilivitunza tu, shemeji."

Nilitaka kusema kitu cha kumkomesha. Badala yake nikamwambia aingie, mke wangu ana chai. Tulikunywa birika zima. Kisha tukaufunga mlango wa kijani pamoja, yeye akiushika na mimi nikikaza bolti, na mara mbili nilimbana kidole, lakini mara moja tu ilikuwa kwa bahati mbaya.

Jumanne, 19 Agosti

Cheche amechomelea kipandio mahali pake. Safari hii hakupiga ramli, na nimemshukuru kwa hilo. Shemeji na dada wakamleta mama. Akapanda. Nikamwendesha hadi njia panda, mahali lilipozima wiki iliyopita, na leo halikuzima. Njiani aliniambia baba alikuwa akilia siku ile akichomelea, ila alisema ni moto wa mashine umemwumiza macho. Nimeendesha kwa mkono mmoja sehemu iliyobaki. Ule mwingine ulikuwa unafuta vumbi usoni.

Naandika hapa kwa wino, na mke wangu ni shahidi: nimeelewa. Kitu kilichoguswa na mkono wa mtu wako si dosari. Sitang'oa tena, sitatengua tena, wala sitapima kitu cha nyumbani kwa kitabu cha kiwanda. Nimefunga mjadala na nafsi yangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda kurudisha jeki. Mama alikuwa chumbani amejilaza, dada na shemeji wametoka. Nikakaa sebuleni kungoja.

Pale kwenye kona ipo cherehani ya mama, ile aliyoolewa nayo. Sijawahi kuitazama kwa makini. Leo nimeitazama. Chuma chake ni kizuri sana, maua ya dhahabu bado yanaonekana. Lakini ubao wa kukanyagia si wake. Ni kipande cha mlango wa kabati, kimekazwa kwa waya na misumari miwili. Hakuna kiwanda duniani kingetoa kitu kama kile.

Nimeuliza kwa simu. Maonyesho ya vyombo vya kale vya nyumbani ni mwezi wa kumi na moja, na ushindani ni hafifu. Ubao wa asili utapatikana tu, nikitafuta vizuri.

Waya umeshika kutu, lakini msumari wa kwanza umetoka kwa urahisi. Mama bado amelala.