Bluu ya Sweta ya Susu

Jumatatu, 11 Agosti
Hili sijamwambia mtu: sura ya susu, nyanya yangu Ndila, imeanza kunitoka. Kilichobaki ni sweta yake ya bluu, aliyovaa jikoni akinisomea Biblia. Jumamosi ni misa ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu tumzike, na jalada la kijitabu cha misa nimepewa mimi nilitengeneze. Kwenye kompyuta ya Lenny, anayechapisha karibu na soko, sweta kwenye picha yake ya zamani ilikuwa bluu ile ile. Nusura nilie. Akachapa nakala ya kujaribu. Zambarau! Binamu yangu Tracy akasema susu anafanana na padri wa Kwaresima.

Jumanne, 12 Agosti
Lenny alinieleza kwa upole: skrini inawaka, karatasi haiwaki, niamini karatasi. Nikaitikia. Alipoenda kunywa chai, nikabonyeza vitufe vya skrini yake hadi susu akawa zambarau humo pia. Kisha nikarekebisha picha hadi sweta ikarudi bluu. Akili nyingi! Nikachapa. Sweta, bluu kiasi. Uso wa susu, kijani kama sukuma.

Jumatano, 13 Agosti
Balaa. Lenny amerekebisha kadi za harusi za mteja akitazama skrini ile, zikatoka na bwana harusi wa kijani. Lenny akauliza nani amegusa skrini. Nikasema labda ni stima, ilikatika ikarudi. Tracy alicheka hadi akakaa chini. Lenny amerudisha kila kitu. Itachapwa ile zambarau, basi.

Alhamisi, 14 Agosti
Mpango mpya: ushahidi! Nikafungua sanduku la Mama nitoe sweta yenyewe nikamwonyeshe Lenny. Mama akanifumania. Nikamweleza yote. Akakunjua kola. Ndani, zambarau, sawasawa na nakala iliyokuwa mfukoni mwangu. Akasema susu aliinunua hivyo, Athi River, kabla sijazaliwa. Jua na sabuni ndivyo vilivyoigeuza. Mimi niliikuta imeshapauka.

Jumamosi, 16 Agosti
Misa ilijaa. Akina mama wa kikundi chake walishika kijitabu wakasema huyu ndiye Ndila wetu, na sweta yake ilipokuwa mpya! Mama alilia, akanishukuru mbele ya watu.

Baada ya chakula nilikusanya vijitabu vilivyobaki. Nikavibana kwenye kamba ya nguo, pale pale susu alipokuwa akianika sweta, jalada likitazama jua. Kisha nikaleta kigoda, nikakaa kungoja vipauke.