Vita vya Diodi Juu ya Meza ya Chakula

Nyamazeni, enyi mlioketi na mliosimama, nawe unayetafuna hebu meza kwanza, niwasimulie vita ambavyo vumbi lake halikutua mpaka maharage yalipokaribia kuiva.

Alikuwako Mzee Transista, Simba wa Solda, Mfufuaji wa Redio Zilizokata Roho, ambaye baada ya miaka arobaini ya ufundi alistaafu, na badala ya kupumzika kama binadamu wenzake akaapa kuijua diodi, kile kidude kidogo cha ndani ya redio, kwa undani: kuijenga katika kompyuta, pasipo waya wala moshi, na kuuona umeme ukipita kwenye silikoni isiyokuwapo, ukichorwa kwenye kioo kama mstari unaopanda. Akaiteka meza ya chakula. Siku ishirini na tatu akaishikilia ngome hiyo, na nyumba nzima, yaani yeye na mkewe, ikala sahani zikiwa magotini.

Siku ya ishirini na nne Malkia wa Jiko akasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba watoto, nimeinjika maharage. Yakiiva kabla huo mstari wako haujapanda, kompyuta inarudi kwa mwanao aliyekuazima, na meza yangu narudishiwa."

"Na ukipanda kwanza?"

"Meza yako. Sitatia neno."

Basi shujaa akakunja mikono ya shati. Akapanga silikoni yenye njaa ya umeme upande huu, na iliyoshiba upande ule, akatandaza juu yake wavu wa hesabu mwembamba kama chandarua, kisha akaamuru volti moja nzima iingie kwa pigo moja. Programu ikahesabu, ikahesabu tena, ikaandika: *Hesabu zimeshindwa kutulia.* Akapiga mara ya pili. Zikashindwa. Mara ya tisa akaizaba kompyuta kofi la ubavuni, kama alivyozoea kuzitibu redio. Nayo, kwa kuwa haikulelewa karakana, haikuelewa.

Jikoni kukaanza kunukia ushindi wa adui.

"Naona yanalainika," akanena Malkia, huku akizungusha kitufe cha redio kutafuta taarifa ya habari. Kryyy! Pwiii!

"Taratibu, mama! Ukiruka hivyo stesheni unaipita! Nenda kidogo kido..."

Akaganda, mdomo wazi, maana alikuwa amejisikia mwenyewe.

Akaigawa volti ile vipande hamsini. Kipande kimoja, hesabu zikatulia. Kingine juu yake, zikatulia. Mstari ukalala chini kama mvivu wa Jumatatu, ukalala, ukalala, na ulipofika mahali pake ukanyanyuka wima!

"Umepanda!" akanguruma. "Shuhudieni, enyi kuta na makabati!"

Mkewe akaja na haragwe moja kwenye kijiko, akalibana. Gumu katikati. Akautazama mstari: urefu wa kucha.

"Huo tu?"

"Huo tu. Diodi hupitisha umeme upande mmoja. Wa pili inaziba."

"Kumbe ndugu yako. Nawe husikia upande mmoja."

Lakini ahadi yake haikurudi nyuma. Na iandikwe kwamba mchana ule maharage yaliliwa magotini tena, na Malkia, sahani pajani, akavuta kiti karibu na meza aliyoipoteza.

"Hebu upandishe tena, nione."

Ukapanda. Miaka ya dunia na ihesabiwe kuanzia hapo.