Ngosha na Mgongo Uliogoma Kupona

Leo kijiwe chetu cha kahawa hapa Igogo kilichafuka mapema. Redioni daktari mmoja kasema mgongo uliokwisha kupona unaweza kuendelea kuuma kwa sababu ya hofu, na kukaa bila kujongea ndiko kunakouharibu. Okomo, tunayemwita Taarifa, alikuja mbio kumpelekea Ngosha habari hiyo.

Ngosha ni kinara wa bugobogobo, ile ngoma yetu Wasukuma ya kurusha majembe. Wakati wa masika aliumia mgongo akishusha magunia ya dagaa. Hospitali wakamtibu, wakamwambia sasa atembee na ainame taratibu. Yeye akaamua kuwa sanamu. Na sisi, kwa upendo wetu wa kijinga, tunamvua viatu na kumnywesha kahawa. Jumamosi kundi lake linacheza mjini Magu. Asipoonekana, nafasi yake anapewa Masalu, mchezaji mwenzake. Hilo linamkosesha usingizi.

"Kwa hiyo mimi najifanya?" Ngosha aliuliza, shingo haigeuki.

"Maumivu ni ya kweli, ila woga unayanenepesha," Taarifa akajibu.

"Woga unaniuma kiunoni?"

"Wewe unakuuma mpaka kwenye kope."

Tulicheka hadi benchi likalia. Mama Tereza, mwenye kahawa, akatusimulia habari za dada yake wa Sengerema aliyesahau goti bovu siku mbuzi walipovamia matembele yake. Ngosha akasema goti si mgongo, na mbuzi si Masalu.

Taarifa akaona maneno yamekwisha. Akachukua ufagio wa Mama Tereza, akaanza kucheza bugobogobo. Mjaluo wa Shirati huyo, miguu inakwenda kama anakanyaga siafu. Ngosha akafumba macho kwa uchungu. Taarifa akaurusha ufagio juu, ukashuka na kumpiga yeye mwenyewe shingoni.

"Hivi ndivyo Masalu atakavyocheza," akasema, "na Magu nzima itampigia makofi."

Ngosha akainuka. Akainama, akaokota ufagio, akazunguka mara moja, akaurusha na kuudaka nyuma ya mgongo. Vikombe vyetu vikabaki hewani. Mimi nilitokwa na machozi, na sioni aibu kusema.

"Unauma?" Mama Tereza akauliza.

"Unauma," alijibu, jasho linamtiririka, anacheka kama mtoto. "Lakini haujakatika."

Taarifa alikuwa amejilaza kwenye benchi, ameshika shingo, anaomba bodaboda ya kumpeleka hospitali.

Ngosha akamwangalia. "Maumivu ni ya kweli, ndugu yangu. Sasa yatembeze mpaka nyumbani kwangu ukaniletee jembe."