Kichwa cha Papa Lambert

Jumatatu, 3 Juni
Nimeikalia! Lecteur yangu ya video, ile ndogo ya kushika mkononi, ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, nami nikapanda pikipiki kwa madaha mbele ya mtaa mzima wa Kabondo. Krak! Sasa kioo kina doa jeusi, juu katikati, ukubwa wa kidole gumba. Na Jumapili najitambulisha kwa papa Lambert, baba yake mpenzi wangu Odile, mfanyabiashara wa samaki wa Isangi. Lecteur ndiyo ilikuwa zawadi. Nikienda mikono mitupu, Odile atachukuliwa na Jean-Paul, yule mbeba mizigo wa Bangboka anayevaa beji ya uwanja wa ndege hata kanisani. Sina wasiwasi. Mwenye akili hakosi njia.

Jumatano, 5 Juni
Nimeizika ndani ya mchele tangu jana. Watu husema mchele unanyonya ubaya wote. Leo doa limenenepa. Mchele tumeula, una ladha ya betri.
Nikajaribu video ya kwaya. Odile anaonekana vizuri kabisa, na doa limekaa barabara juu ya uso wa Jean-Paul. Nimecheka mpaka machozi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepata! Nailoni. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni yake; kwa papa Lambert hata viti vya sebuleni bado vimo ndani ya nailoni, ukikaa unateleza hadi chini. Basi nimekata nailoni ya shati jipya, nikaibandika juu ya kioo. Doa? Doa ni la nailoni, nitasema. Na nailoni haitolewi, joto la Kisangani litaua kioo.
Odile amepiga simu. Akasema papa yake hatazami ukubwa wa zawadi, hataki tu kudanganywa. Sikumsikia vizuri. Mtandao ulikuwa mbaya.

Jumapili, 9 Juni
Mwanzo safi. Lituma ya ndizi za kupondwa, samaki, mimi na shati jipya. Papa Lambert alipoona nailoni akanisifu mbele ya wote: "Huyu iko mutoto ya adabu, anajua kuchunga vitu." Jean-Paul, aliyejialika mwenyewe, akanuna. Raha gani!
Ili kumpendeza zaidi, nikafungua video ya hotuba yake kwenye sikukuu ya parokia. Majirani wakasogea. Koti likaonekana. Tai ikaonekana. Mikono ikapunga. Juu ya tai, giza tupu. Papa Lambert akafuta kwa leso. Akafuta tena.
"Bon. Kichwa yangu iko wapi?"
Nikasema kiko chini ya nailoni. Jean-Paul, mtu mbaya, akaibandua. Kichwa hakikuwapo. Mama mmoja akaangua kicheko, nyumba nzima ikafuata. Odile peke yake hakucheka. Alitoka nje bila kunitazama, na hilo liliniuma sana.

Jumanne, 11 Juni
Papa Lambert ameniita. Nilikwenda. Akasema kitu kuvunjika si dhambi, vyake vimevunjika vingi mtoni. Dhambi ni kukivalisha nailoni. Angenifukuza, ila Odile amelia usiku kucha, na mkewe bado anacheka. Basi nirudi Jumapili na zawadi ndogo tu. "Jogoo moja. Muzima. Alors, bila nailoni!"
Mlangoni Odile alinishika mkono. Akasema hii ni nafasi ya pili, hakuna ya tatu. Niliapa kwa roho yote. Odile wangu! Nimebadilika, nahisi kabisa.

Jumatano, 12 Juni
Asubuhi sokoni. Nimepata jogoo wa ajabu, mwekundu, kifua mbele. Muuzaji aliniachia haraka sana. Nilipomfikisha nyumbani ndipo nikaona anachechemea, mguu wa kushoto.
Si neno. Jogoo wa zawadi hubebwa miguu imefungwa. Nani atajua?